Pigma Micron 05 kwa lebo za rizevu (parashuti ya akiba): hii ndo peni yangu, na zipi sizitaki karibu na nailoni

Wale mnaoruka na parashuti na mnaozipaki, iwe Diani, Dubai au huku Marekani, hili swali la peni gani ni salama kwa vifaa vya parashuti naulizwa sana kwa hiyo leo naandika yote. Mimi ni riga, yaani fundi wa kukagua na kupaki parashuti, nafanya kazi DeLand, Florida, mji ambao viwanda vya parashuti vimejazana, na peni ninayoisimamia ni Pigma Micron ya Sakura, kampuni ya Osaka, Japani. Chukua saizi 05, nyeusi. Naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyobaki nitaeleza huko chini.

Kuna wanaoona ni kuumiza kichwa bure, peni tu hiyo. Sikiliza. Rizevu za Performance Designs, kampuni ya kutengeneza parashuti, zina lebo yenye visanduku, kila ukiipaki unatia alama kisanduku kimoja, ikitumika angani unatia alama kwenye visanduku vingine, na ikishapakiwa mara 40 au kutumika mara 25 inatakiwa irudi kiwandani ikakaguliwe. Kwa hiyo wino lazima uingie kwenye rizevu yenyewe, hakuna namna. Afu ukishafunga, kwa sheria za Marekani inaweza kukaa hivyo siku 180 (zamani zilikuwa 120, wakabadilisha mwaka 2008), imekunjwa na kubanwa kwelikweli, ndani ya begi ambalo wenye nalo wanaliacha kwenye buti la gari juani. Wino ambao haujakauka sawasawa, au wenye kitu kikali ndani yake, unapata nusu mwaka mzima wa kugandamizwa kwenye kitambaa cha jirani. Na hicho kitambaa ndo kinachotakiwa kumshika mtu siku parashuti kuu imegoma.

Nailoni inavumilia mengi lakini asidi haiiwezi. Mariga wa zamani wanaikumbuka ile balaa ya neti ya miaka ya 1980, kuna rizevu za duara zilikuwa na vipande vya neti, ile neti ikawa na asidi, ikala kitambaa kilichokuwa kinagusana nayo. Kwa macho unaona rizevu safi kabisa, ukishika kitambaa ukavuta kinachanika kama karatasi. Hapo ndo watu wakaanza kupima na ile dawa ya bromokresoli ya kijani, ukiipaka ikabaki bluu uko salama, ikigeuka njano hapo kuna asidi. Nayataja haya kwa sababu mtu anakwambia "mbona nimeandika na maka yoyote na sijaona kitu", kuona ndo tatizo lenyewe, haionekani.

Wapanda milima nao wana kisa chao. Mwaka 2002 shirikisho lao la kimataifa, UIAA, lilitoa onyo kuhusu kuweka alama kwenye kamba kwa peni za wino, vipimo vilionyesha kamba inaweza kupoteza hadi asilimia 50 ya uwezo wake wa kumeza nguvu ya mtu akianguka, na hapo ni pamoja na peni zilizokuwa zinauzwa maalum kwa ajili ya kamba! Kamba zao ni nailoni, na mikanda ya hanesi zetu, ile inayomfunga mrukaji kwenye parashuti, mingi ni nailoni.

Sasa peni zenyewe. Maka ya kawaida ya Sharpie kila mtu anayo mfukoni, wino wake unayeyushwa kwa alkoholi, na alkoholi kwenye joto la kawaida haili nailoni kama asidi inavyokula, kwa hiyo siwezi kusema ni sumu kwa kitambaa. Kwenye kadi ya kumbukumbu, kwenye mkoba wa kubebea, tumia tu. Ninachokataa ni kuiweka kwenye kitambaa chenyewe, wino mwembamba wa alkoholi unakimbia na nyuzi, unaweka nukta inakuwa doa. Zile maka nene za kuandikia mabomba na maboksi, zenye harufu ya kupasua kichwa, hizo usizilete kabisa mezani, viyeyushi vyake ni vikali na orodha kamili ya vilivyomo mara nyingi huipati. Na tafadhali ile alama ya kwenye peni inayosema haina sumu isikudanganye, hiyo ni kwa ajili ya afya ya binadamu, watoto wakiishika, haisemi chochote kuhusu nailoni.

Pigma ni kitu kingine. Wino wake ni wa maji, rangi yake ni chembechembe ndogo, ikikauka imekauka, maji hayaitoi na jua haliifubazi haraka. Inatengenezwa kwa ajili ya wachoraji na watu wa nyaraka, ndo maana wanasisitiza haina asidi, hawakuwa wanawaza parashuti ila hicho wanachokisisitiza ndo kile kile nailoni inakihitaji. Mimi peni yoyote kabla haijagusa kazi naijaribu kwenye mabaki ya kitambaa: nachora mstari, nasubiri ukauke, nalaza kipande cheupe juu yake, nabana na kitu kizito na kuacha sehemu ya joto siku kadhaa. Ukifunua mstari wa Pigma unaukuta umesimama pale pale, unakatiza vile visanduku vidogo vya nyuzi nene vilivyofumwa kwenye kitambaa bila kutambaa, na kipande cha juu ni cheupe kama kilivyokuwa. Kuna maka moja ya bei chee, jina naliacha, ilitoa kivuli cha manjano pande zote za mstari na kingine kwenye kile cheupe. Ile ilienda kwenye pipa.

Haya ile nusu nyota. Ncha yake ni nyembamba, 05 inatoa mstari wa milimita 0.45, ukikandamiza inazama ndani na peni imekufa. Kwenye lebo laini inayoteleza inachelewa kukauka, subiri dakika kadhaa usiguse na kidole. Na kwenye kitambaa chenye silikoni, kile cha parashuti kuu za siku hizi, wino unajikusanya matone haushiki, mi nasema afadhali, maana hupaswi kuandika pale.

Lebo peke yake jamani. Sio kwenye kitambaa cha rizevu, sio kwenye mkanda wa hanesi, sio juu ya mshono. Mtaniuliza mbona kamba za parashuti zinatoka kiwandani na alama, kamba hizo nyingi sio nailoni, Spectra ni polietilini na Vectran ni jamii ya poliesta, na wao wanajua wino wao. Kitabu cha aliyetengeneza kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Bei ni kama dola tatu hivi moja, maduka ya vifaa vya uchoraji ndo utaipata, kwenye stationari za kawaida sio rahisi. Nunua mbili, moja andika RIZEVU kwenye mfuniko na usimwazime mtu.