Nilihama king'amuzi kwa ajili ya HD, nikakutana na fundi

Kama kuna mtu anataka kuhama kampuni ya king'amuzi kwa sababu ya HD, yaani picha kali zaidi, ahame tu. Ila siku fundi anakuja asiondoke sebuleni, hata simu asitoke kwenda kuipokea nje. Asiye na muda wa kusoma yote haya aishie hapo, mengine ni hasira zangu.

Kampuni ya kwanza nilikaa nayo miaka. Sikuwa na ugomvi nao. TV ya chogo ilipokufa nikanunua flati, nikapandisha kifurushi, wakanipa king'amuzi cha HD, mambo yakaenda. Halafu kikaanza kujizima. Unaangalia mpira, giza, kinajiwasha chenyewe, kile kiduara kinazunguka weee, na kikirudi goli limeshafungwa na marudio yake yameshaonyeshwa. Jioni moja kilijizima kikabaki na taa nyekundu tu.

Nikawapelekea. Binti wa mapokezi, mstaarabu kabisa, akasema vya HD vimeisha: "Chukua hiki cha muda, baba, vikija vipya tunakupigia." Nikabeba. Kufika nyumbani nakiwasha, kumbe ni kile kizazi cha kwanza kinachoelewa MPEG-2 peke yake, mtindo wa zamani wa kubana picha. Chaneli za HD zinakuja kwa MPEG-4, mtindo mpya zaidi, kwa hiyo pale kwenye kidude chao hazikuwa hata na chenga, hazikuwepo kabisa kwenye orodha. Sawa, cha muda. Ikaja ankara: ada ya HD ipo palepale, haikupungua hata senti.

Nikapiga simu. Muziki, muziki, kisha sauti: "Mfumo unaonyesha una kifurushi cha HD, mpendwa mteja." Ndiyo ninacho, nikamwambia, ninachokosa ni chombo cha kukionyeshea. Akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha.

Kile cha muda kikakaa mpaka mjukuu akadhani ndicho chetu. Vipya havikuja, ada ikaendelea kukatwa. Nikahama.

Kuhama kwenyewe kunakera kabla hata hujakutana na mtu. Kila kampuni inafunga chaneli zake kwa mfumo wake wa siri, na kadi imeoanishwa na king'amuzi kimoja, kwa hiyo chombo cha huyu kwa yule ni boksi la kuwekea maua. TV yangu nyuma ina tundu la kuingizia kadi bila boksi, kupitia kifaa kidogo cha kuisomea, nimelikuta tangu naitoa dukani, na hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili anayetaka kulisikia. Wanataka uchukue boksi lao. Haya, nikachukua boksi. Niliwachagua hawa wapya kwa mambo mawili: chaneli nyingi zaidi za HD, na king'amuzi kinachoweza kurekodi chaneli moja huku wewe unaangalia nyingine.

Siku ya kufungiwa akaja kijana, mkanda wa spana kiunoni, simu haitoki mkononi. Salamu hakuna. Alipanda juu, nikasikia bomba linagongwa mara chache, akashuka kabla sijamaliza kusogeza kabati. Sasa, setilaiti hizi ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila kampuni inachukua matangazo kutoka kwa ya kwake. Ukikosea digrii moja tu pale kwenye bomba, huko juu umekosea zaidi ya kilomita 600, na setilaiti za jirani mara nyingi zimepishana digrii mbili tatu. Dishi si kitu cha kulegeza nati ukakisukuma kwa bega. Lakini nilinyamaza, nikasema labda ana uzoefu.

Akaingiza waya mmoja. Nyuma ya king'amuzi kuna matundu mawili ya waya wa dishi, na king'amuzi cha kurekodi kinataka nyaya mbili, au LNB, kile kipokezi cha mbele ya dishi, ya aina maalumu inayopitisha kila kitu kwenye waya mmoja. LNB aliyofunga niliiona akiipandisha, ilikuwa ya kawaida, ya tundu moja.

"Kijana, na hili tundu jingine?"

"Hilo la akiba, mzee."

La akiba! Nikamtazama kama anatania. Hakuwa anatania.

Kisha ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanipandisha presha. Akatoa mfukoni ule waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, akauchomeka nyuma ya king'amuzi, akauchomeka kwenye TV. Ule wa njano ndio unaobeba picha, na HD hauibebi, hata ukiusomea dua. Picha ya mistari 1080 inashushwa na king'amuzi chenyewe hadi 576 au 480 ndipo inapita humo. Yaani nimehama kampuni, nimelipia, dishi limegeuzwa, ili niletewe picha ileile niliyoikimbia.

"Hii si HD," nikamwambia.

"Ni HD mzee. Si unaona imeandikwa pale kwenye kona?"

Nikasogea hadi kwenye TV. Kweli, nembo ya chaneli kwenye kona ina herufi HD, nyeupe, kingo zimevimba, H imeshikana na D mpaka ukitaka unaweza kuisoma kama herufi moja ya lugha ya watu wengine. Nikamweleza kwamba nembo wanaiweka wenye chaneli kwao huko, itaonekana hivyo hivyo hata kwenye TV ya chogo. Nikamwambia aweke HDMI, ule waya mmoja unaobeba picha ya HD.

"HDMI haimo kwenye boksi, mzee. Utanunua."

Na hapo ndipo akacheka. Si kicheko cha dharau, hicho ningekizoea. Alicheka vizuri tu, kama mtu anayekufariji, mbele ya mjukuu wangu, akasema: "Lakini mzee wangu, kwa macho hayo, tofauti utaiona wapi?"

Miwani ninayo, ndiyo. Ya kusomea. Mpira siusomi.

Akanyoosha mkono aombe ile namba iliyotumwa kwenye simu yangu, wanayoiita ya kufungia kazi. Sikumpa. Akasimama mlangoni akisubiri, mimi nikakaa nikaangalia herufi zangu zilizoshikana. Akaondoka.

Alipotoka nikafungua boksi nitafute kijitabu chenye namba za huduma kwa wateja. Chini ya lile karatasi gumu la kukingia, kwenye nailoni yake, umekunjwa na kufungwa vizuri: waya wa HDMI. Haukuguswa.

Nikapiga simu kulalamika. Dada aliyepokea akanisikiliza hadi mwisho, namshukuru, akachapa chapa, akaniambia malalamiko dhidi ya fundi hayaingii kwenye mfumo mpaka kazi yenyewe iwe imefungwa. Kazi inafungwa kwa ile namba. Nikimpa namba, maana yake nimekubali kwamba kazi imefanyika vizuri. Nikamuuliza, sasa mtu ambaye kazi yake haikufanyika vizuri analalamika saa ngapi? Akaniomba nibaki hewani. Muziki. Simu ikakatika.

Basi nikachomeka HDMI mwenyewe. Picha ikawa bado ina ukungu, nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, nikakuta kimewekwa kitoe 576, nikapandisha hadi 1080.

Hapa niseme ukweli, na naomba kampuni isome na hapa pia. Nilikaa kimya. Nyasi zikawa nyasi, siyo kapeti. Golikipa anafuta glavu kwenye kaptula na unaona tope linabaki wapi. Mchezaji wa upande wa mbali kabisa wa uwanja, namba ya mgongoni naisoma kabla mtangazaji hajamtaja, kwa macho haya haya. Mjukuu akauliza kama tumebadilisha TV. Wale wa kwanza, hata siku zile king'amuzi chao kizima, picha yao ilikuwa inavunjika vunjika mpira ukienda kasi, wanabana chaneli nyingi mno kwenye nafasi ndogo. Hawa wapya hawabani hivyo, au hawajaanza. Wiki ile ningewapa nyota nne, nikasahau hata kijana wa watu.

Kisha mvua.

Nasema mvua, yalikuwa manyunyu. Chaneli za HD zikaanza kuganda, vipande vipande vya mraba usoni kwa mtangazaji, sauti inakatika, halafu ule ujumbe wa hakuna mawimbi. Za kawaida kwenye dishi hilohilo zinaonyesha bila wasiwasi. Hilo lina sababu yake: chaneli zao za HD zinarushwa kwa mtindo unaopakia data nyingi zaidi kwenye wimbi lilelile, kwa hiyo zinahitaji mawimbi safi kuliko zile za zamani, na dishi likiwa limetegwa kwa kubahatisha HD ndiyo ya kwanza kukuaga. Nikaangalia kwenye menyu. Nguvu ya mawimbi, imejaa kijani mpaka mwisho. Ubora, huku chini, unapanda na kushuka. Fundi asiyejali anakuonyesha ule mstari wa juu, anakusanya vyombo vyake.

Nikapiga. Safari hii nikaambiwa mvua ni majaliwa ya Mungu.

Mvua ni ya Mungu, sikatai, na mawimbi ya aina hii urefu wake ni kama sentimita mbili na nusu tu, matone yanayanyonya na kuyatawanya popote duniani. Ikipiga ya radi na mawingu meusi, nakubali, nazima TV nalala. Lakini dishi lililotegwa sawasawa lina akiba ya kuvumilia manyunyu. Nikamwambia dada wa watu kwamba dishi halikutegwa na Mungu. Akacheka kidogo, nadhani alinielewa, na kwa kuwa hitilafu ya mawimbi haihusiani na mambo ya kufunga kazi, akaandikisha ziara mpya.

Akaja mtu mzima. Akabisha hodi, akasubiri akaribishwe, akavua viatu. "Habari za hapa, kaka. Inasumbua ikinyesha tu au hata jua likiwaka?" Swali moja hilo lilitosha, nikajua leo kimekuja kichwa. Juu alipanda na kipimo, akawa anakitazama chenyewe, hakumwita mtu wa ndani apige kelele "imekuja! imeondoka!" Alikwenda taratibu, anasogeza upana wa ukucha, anasubiri, anasogeza tena. Kisha akalegeza LNB akaizungusha kidogo kwenye kishikio chake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mawimbi mengine yanakuja yamesimama na mengine yamelala, LNB ikikaa upande inayachanganya, ndiyo maana nguvu inaonekana kubwa na ubora hakuna. Akaibadilisha kabisa, akaweka ya matundu mawili, akavuta waya wa pili hadi kwenye lile tundu la akiba.

Kuhusu mwenzake hakusema neno. Aliutazama ule waya wa rangi tatu uliokuwa bado juu ya kabati, akautia mfukoni, akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo mvua zimenyesha, za kweli, na picha imeondoka mara moja tu, wakati wa dhoruba, ikarudi yenyewe. Narekodi taarifa ya habari huku naangalia mpira. Kwa mtu aliyenisoma mpaka hapa, HD ya hawa watu ni nzuri, ni nzuri sana, na kwa chombo chao sina la kusema.

Halafu ikaja ankara. Ada ya HD kuanzia siku aliyokuja yule wa kwanza, siku ambayo kwa mfumo wao wenyewe kazi haijafungwa. Chini yake: ada ya ziara ya fundi. Nikapiga, wakasema ya kwanza ni bure, ya pili inalipiwa. Kwa hiyo aliyeharibu amekuja bure na aliyetengeneza nimemlipia mimi. Nikaomba kuongea na mkubwa wao, nikaambiwa mkubwa atanipigia. Bado nasubiri.

Na katikati ya hayo wale wa kwanza wakanipigia, binti yule yule nadhani, sauti ya furaha: "Baba, vya HD vimekuja!" Nilitamani kurudi, sifichi, kwa kama dakika moja. Nikamwambia wanirudishie kwanza ada yote ya HD waliyonikata nikiwa na kidude chao cha muda, ndipo tuongee. Akasema atalifikisha, halafu akakumbusha kwamba hicho kidude natakiwa nikirudishe pamoja na rimoti, la sivyo nitatozwa.

Nyota mbili, basi. Wakifuta ile ada ya ziara naweka ya tatu siku hiyohiyo, labda na ya nne, sijui, inategemea nimeamkaje. Yule fundi wa pili nilimpa namba yake ya kufungia kazi hata kabla hajaiomba. Ya yule wa kwanza bado ninayo kwenye simu, na kila baada ya muda wananitumia ujumbe wakiniomba niitoe.