TAHADHARI: Muuzaji wa German Shepherd anayegeuza alama mbovu za nyonga kuwa sifa

Wafugaji, kuna jamaa anauza watoto wa German Shepherd hapa Nairobi kwa kutumia vyeti vya nyonga, yaani karatasi za kupima afya ya nyonga za wazazi wao. Vyeti vyenyewe ni halali, na hapo ndipo aliponinasa.

Mama wa mbwa wangu alitoka Uingereza. Karatasi yake: nyonga ya kulia 24, ya kushoto 22, jumla 46. "Bosi, 46! Wengi hata 20 hawafikishi." Nikatuma shilingi 85,000 papo hapo.

Kumbe Waingereza wanahesabu kasoro. Kila nyonga hukaguliwa vipengele tisa kwenye picha ya eksirei, na kila kasoro huongeza alama, kuanzia 0 hadi 53 kwa upande mmoja, yaani 106 kwa pande zote mbili. Sifuri ndiyo nyonga safi. Kwa hiyo ni kweli, wengi hawafikishi 46, na wenyewe wanashukuru Mungu.

Baba alikuwa na ripoti ya PennHIP ya Marekani: 0.68. Nikaambiwa "amepita kwa asilimia 68". PennHIP haipitishi mbwa wala haimwangushi. Mbwa hulazwa kwa dawa, kichwa cha mfupa wa paja kikasukumwa kutoka kwenye kikombe chake, halafu ulegevu ukapimwa. Karibu na 0, kiungo kimekaza. Karibu na 1, kinaning'inia tu. Hadi 0.30 unaweza kulala usingizi. Kwa 0.68, hapana.

Mbwa wangu, Bosco, alipofika miezi saba akaanza kukimbia kama sungura, miguu ya nyuma akiirusha pamoja. Asubuhi kuinuka ni kwa taabu, na ngazi hataki hata kuziona. Daktari wa mifugo alimpiga picha akanyamaza kidogo kabla ya kunionyesha.

Mnunuzi mwenzangu aliuziwa kwa daraja C la FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa), eti C ni ya "Certified". Madaraja ya FCI ni A hadi E, A ndiyo bora, na C tayari ni ugonjwa, ingawa mdogo. Mwingine alionyeshwa "Good" ya OFA (shirika la Marekani linalokagua nyonga za mbwa) ya mbwa wa miezi minane. Hayo ni majibu ya awali. OFA haitoi cheti kamili kabla ya miezi 24.

Akikutajia nambari, muulize kwanza ni ya mfumo gani, na kama kupanda ni kuzuri au kubaya. Majibu ya OFA hutafutwa bure mtandaoni kwa jina la mbwa au nambari ya usajili. Halafu hakikisha nambari ya chipu ya utambulisho iliyo mwilini mwa mbwa inalingana na iliyoandikwa kwenye karatasi. Daktari anaisoma kwa dakika moja.

Nimempigia simu mara nne, hashiki. Jike lile lile nasikia amelipandisha tena, na ameshaanza kupokea malipo ya kushikia nafasi.