Gemu za kununua kama unapenda majengo: nami nahukumu kwa milango

Malalamiko ya wasomaji yamenijaa kwenye simu, na karibu yote yanafanana. Mtu kasikia gemu fulani ina mji wa kupendeza, kalipa, kamaliza bando kulipakua, kaingia mjini, kaona jumba lenye ngazi za mawe na vioo vya rangi. Kapanda ngazi, kabonyeza kitufe. Mlango haufunguki, na hautafunguka kamwe, maana si mlango. Ni picha iliyobandikwa ukutani.

Kwa hiyo hapa sizungumzii ukali wa picha, fremu kwa sekunde, wala hadithi. Hayo yameandikwa kila mahali. Mimi naangalia milango tu. Jengo ni kitu cha kuingia na kutoka. Nyumba ya mawe ya Lamu inakuonyesha hilo kabla hata hujakaribishwa kiti: unapita daka, kile kibaraza cha mlangoni, njia inapinda ili mpita njia asichungulie ndani, ndipo unatokea kwenye ua wenye mwanga. Ukiuondoa mpito huo unabaki na kuta, na wengi wanaotuuzia "miji mikubwa" wanatuuzia kuta.

1. Dishonored 2 (2016)

Naipendelea Arkane, kampuni iliyotengeneza gemu hii, na sioni haja ya kujifanya hakimu asiye na upande. Waliitengenezea Lyon, Ufaransa, na mji wake wa kubuni, Karnaca, una sababu ya kuwa ulivyo. Upepo mkali unashuka kutoka kwenye mlima uliopasuka, unazungusha mitambo ya umeme, na huko kwenye mtaa wa wachimba madini unarusha vumbi hadi huoni mbele. Hali ya hewa, kazi za watu na majengo vimefungamana.

Halafu milango! Ghorofa za wapangaji unaingia kwa mlango, kwa dirisha au kwa roshani, na ndani unakuta maisha ya mtu: kitanda, sufuria, barua. Kuna jumba la mvumbuzi mmoja ambalo ukivuta wenzo kuta zinajikunja, sakafu inazama, sebule inageuka chumba kingine. Jambo la kuvulia kofia ni kwamba unaweza kujipenyeza nyuma ya kuta hizo ukaiona mitambo yenyewe ikifanya kazi. Mbele zaidi kuna nyumba moja unayoipitia katika nyakati mbili, ikiwa na fahari yake na ikiwa gofu, na kifaa mkononi kinakuonyesha wakati mmoja ukiwa umesimama katika mwingine. Somo la jinsi nyumba inavyozeeka sijaliona likifanywa vizuri hivyo kwingine.

Ile ya kwanza, ya 2012, nayo inunue ukiikuta. Sura ya mji wake ilisimamiwa na Viktor Antonov, mzaliwa wa Sofia aliyefariki 2025, yule yule aliyebuni City 17, mji wa gemu ya Half-Life 2.

2. Prey (2017)

Arkane tena, safari hii tawi la Austin, Marekani, ambalo Microsoft walitangaza kulifunga Mei 2024. Bado sijawasamehe. Unacheza ndani ya kituo cha anga kilichopambwa kwa Art Deco, mtindo wa miaka ya 1920 na 1930, mbao na shaba tele. Unaweza kutoka nje, ukaelea kukizunguka kituo chote, kisha ukaingia kwa mlango wa upande mwingine. Na ukiwa nje unaona kwamba umbo la kituo linalingana na vyumba ulivyopita. Hilo ni adimu. Gemu nyingi zina nyumba ambayo kwa nje ni kibanda na kwa ndani ni ukumbi wa harusi.

3. Kingdom Come: Deliverance (2018)

Warhorse wa Prague walijenga upya kipande cha Bohemia, sehemu ya Ucheki ya leo, cha mwaka 1403. Hakuna majoka wala uchawi. Rattay ya gemu ni Rataje nad Sázavou ya kweli, na monasteri ya Sasau inasimamia ile ya Sázava, pamoja na majukwaa ya mafundi, kwa kuwa ujenzi unaendelea. Nyumba karibu zote zinaingilika. Ila ukiingia ya mtu usiku bila hodi, mwenyewe atakufokea na kuita walinzi, jambo ambalo kwangu ni sifa. Kasoro yake ni kwamba mwanzo unachosha, na mapigano ya upanga yatakutoa jasho kabla hujafika kwenye majengo.

4. Control (2019)

Ya Remedy, Finland. Jengo moja tu, kubwa, la zege tupu, ambalo ndani halina mwisho. Kwa nje limeazima sura ya 33 Thomas Street, lile ghorofa la New York lisilo na madirisha, la 1974, lililojengwa kuhifadhi mitambo ya simu. Milango mingi imefungwa, lakini kila mmoja unakwambia unahitaji kadi ya daraja gani. Huo ni mlango wa heshima. Ukiipata kadi, utapita.

5. Assassin's Creed

Najua mtanirushia mawe. Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, katika gemu ya Unity (2014) ya mfululizo huu ni kazi ya ajabu. Caroline Miousse aliishughulikia karibu miaka miwili. Ina mnara wa paa ambao ni wa karne ya 19 wakati gemu ni ya Mapinduzi ya Ufaransa, lakini hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kutoka nje ya kanisa nikarudi kwenye mitaa ambako milango mingi ni rangi tu. Ukitaka mfululizo huu, chukua Origins (2017), kwa sababu ya Discovery Tour: unatembea Misri ya Kleopatra bila kupigana na mtu.

Na hapa ndipo wauzaji wa diski wananichefua. Discovery Tour ilitoka Februari 2018, miezi baada ya gemu yenyewe, kama nyongeza ya kupakua. Muuzaji mmoja Kariakoo aliniapia kwamba diski yake iliyotumika "ina kila kitu, dada, chomeka tu". Haikuwa nayo, wala haingeweza kuwa nayo. Ile diski ni nusu ya bei, nusu nyingine utailipa kwa bando. Wengine wanauza akaunti zenye gemu kumi kwa bei ya moja. Mwezi ukipita nywila imebadilishwa, na simu ya muuzaji haipatikani. Ukikimbilia Steam, duka la gemu la mtandaoni, bei ni ya dola, na benki inaongeza makato yake juu. Subiri punguzo. Dishonored 2 hushuka sana. Gemu mpya za Ubisoft, wenye Assassin's Creed, zinaanza juu kupita kiasi kwa miji ya kupaka rangi.

Za bei ndogo

Monument Valley (2014) kwenye simu: nzuri, fupi, majengo ya kukanganya macho. Minecraft haina mlango bandia hata mmoja, maana unaujenga mwenyewe. UN-Habitat ya Nairobi, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, imeitumia tangu 2012 kuwapa wakazi, Kibera wakiwemo, nafasi ya kubuni viwanja vyao vya wazi. Basi.

Kabla hujalipia yoyote, tafuta video ya mtu anayecheza, si tangazo. Ruka vita vyote. Tazama akifika mtaani anajaribu kufungua nini. Mwenye kompyuta na asiyetaka kuua mtu anunue Discovery Tour ya Misri peke yake, inauzwa bila gemu.