Kipima oksijeni cha kidole: kinamfaa mtoto na babu sawasawa?

Mambo vipi watazamaji, karibuni tena. Leo nina hiki kidude cha kubana kidoleni, wengi tulikijua wakati wa korona. Kinatumia betri mbili ndogo, zile za rimoti. Ngoja nikibane... taa nyekundu hiyo, mnaiona? Msisome kwanza, namba za mwanzo zinarukaruka. Tuliza mkono. Haya: juu 98, asilimia ya oksijeni kwenye damu. Chini 76, mapigo ya moyo kwa dakika.

Oksijeni haina maneno mengi. Mtoto, kijana, mzee, tunataka 95 kwenda juu. Kasheshe ni hiyo namba ya chini. Karatasi ya ndani ya boksi inasema kawaida ni 60 hadi 100. Kawaida ya nani? Ya mtu mzima! Kichanga aliyetulia akiwa na 140 yuko sawa kabisa, wao huenda 100 mpaka 160. Mtoto wa darasa la pili akiwa na 95, si neno. Ila babu amekaa kitini tangu asubuhi, hana homa, halafu 130? Huyo mpelekeni hospitali. Na mcheza mpira wa kila siku akisoma 52 na anajisikia vizuri, mwacheni apumzike zake.

Sasa kasoro. Kibanio hiki kimepimiwa kidole cha mtu mzima. Cha kichanga kinaelea mle ndani, mwanga unapita pembeni, na namba inayotoka ni ya uongo. Hospitali wana kihisi chao cha kumfunga mguuni. Nanyi dada zangu mliotoka harusini, rangi nzito ya kucha na piko vinaziba mwanga. Futeni kucha moja. Halafu hili la sisi weusi: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha vifaa hivi vinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kweli kwa wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo ukisoma 93 huku unahema, usifanye mzaha.

Na hakihesabu pumzi, ambazo kwa mtoto mwenye kikohozi ndiyo habari yenyewe. Mfunue nguo akiwa halii wala hanyonyi, tazama tumbo linavyopanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Ni vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Sisi wakubwa tunapumua 12 hadi 20 tu.

Ninunue? Kama nyumbani kuna mzee wa pumu au wa moyo, nunua, bei yake haiumizi. Kama ni kwa ajili ya kichanga, hapana. Hela hiyo kanunue kipimajoto cha kidijitali, na kikisoma 37.5 au zaidi kwapani kwa mtoto wa siku chache, mpeleke kituoni usiku huohuo.