Tuisheni ya hesabu Kikwajuni: nyota nne, moja imeliwa na fotokopi

Mie narisiti hesabu ya NECTA hii mara ya pili na siri yangu naimwaga hapa hapa, kilichokuwa kikinimaliza ni domeni (namba za x zinazoruhusiwa kuingia) na renji (majibu, yaani y, yanayotoka) za fankshini. Tuisheni niliyokwenda mwanzo (siitaji, wanajijua) tulikaririshwa tu "domeni ni namba zote halisi", unaandika unapiga mstari, na kweli kwa mstari ulionyooka au x² inakubali, lakini ikija sehemu yenye x chini au skweya ruti jibu lilelile linakuzamisha.

Sasa hii ya Kikwajuni, mtaa wa mjini Unguja, ni chumba cha uani, maalim mmoja ubao mmoja, elfu 20 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki baada ya magharibi. Siku ya kwanza hakutupa fomula, katuuliza hii kitu inavunjwa na nini? Chini kukiwa sifuri imevunjika, ndani ya ruti kukiingia hasi imevunjika, kwa sehemu na ruti hizi vyengine vyote vinapita. Kwa hiyo (x+1)/(x−2) unamfukuza 2 peke yake, na √(x−3) unaanzia 3 kupanda juu, na 3 mwenyewe yumo maana ruti ya sifuri ni sifuri, haina ugomvi.

Renji ndo ilikuwa inaniliza. Bahati umeme ukakatika, sie tushakusanya madaftari twende zetu, maalim kachukua waya wa kuanikia nguo kaukunja kama bakuli, ile kava (mchoro) ya x²−4x+1, kausimamisha juu ya meza kawasha tochi ya simu. Tochi ikiwa juu utosini, kivuli kinalala mezani mstari mrefu, akasema hiyo domeni, na huu waya ungekuwa hauna mwisho mstari usingekoma. Kisha kaileta tochi ubavuni, kivuli kikapanda ukutani kikaanzia pale chini kabisa pa bakuli, chini ya hapo hakuna kitu. Akasema hapo ni −3, x ikiwa 2, basi renji ni −3 na kupanda. Walahi miaka yote niliyosoma skuli hakuna aliyenionesha hivyo!

Kwa karatasi nako yuko vizuri. Ukitaka renji ya ile (x+1)/(x−2) unaiita y, unaigeuza x iwe sabjekti (ibaki peke yake upande mmoja), inatoka x = (2y+1)/(y−1), halafu unauliza suali lilelile la kuvunjika, y haiwezi kuwa 1, ushamaliza. Siku nyengine katupa (x²−9)/(x−3), darasa zima tukakata x−3 juu na chini tukabaki na x+3 tukajiona wajanja, kumbe 3 ilikatazwa tangu mwanzo na kukata hakumrudishi, na kwa kuwa 3+3 ni 6 basi na 6 imetoka kwenye renji. Mstari una tundu. Nilikosa mie na nilikosa kwa raha zangu.

Lawama sasa. Zile noti anazouza shilingi 1,000 ni fotokopi ya fotokopi, kile kijistari cha chini cha ≥ kimefutika kurasa nzima, nikakariri x > 3 badala ya x ≥ 3, kwenye jaribio maksi zikenda na maji na maalim ananambia mimi ndo sijui! Nimemuonesha karatasi yake mwenyewe kanyamaza, ila bado anaziuza. Halafu ubao anaufuta mapema mno, wewe uko mstari wa pili yeye kashahamia suali la tatu, na mbu wa pale nao wanasoma bure.

Mkienda nunueni daftari lenu mnakili wenyewe, na muwahi, viti ni kumi na mbili tu na ukichelewa unakalia ndoo.