Tahadhari: ukiambiwa "sumu inatoka", acha vidonge hivyo

Ndugu zangu, kabla hujatuma hela kwa mtu anayeuza vidonge vya "kusafisha mwili" mtandaoni, nisome kwanza. Nimeuguza ngozi karibu mwezi mzima.

Nilinunua kopo la vidonge 60. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni mimea mitupu, haina madhara kwa mtu yeyote. Siku nane za mwanzo sikuona tatizo. Siku ya tisa niliamka tumbo likiniwasha, nikashuku sabuni. Kufika jioni vipele vyekundu vilikuwa vimeshika kifua, mgongo na ndani ya mikono. Usiku huo nilijikuna mpaka shuka likapata madoa ya damu.

Nikapiga picha, nikamtumia. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, tena kwa furaha: "Hongera, hiyo ni sumu inatoka! Usiache. Ongeza kimoja asubuhi na kimoja usiku." Nikaongeza.

Hapo ndipo penye mtego. Ukipata nafuu, dawa imefanya kazi. Ukiumia, nayo inafanya kazi. Kwa mtu kama huyu haitafika siku ya kukiri kwamba bidhaa yake imekudhuru, na kadiri unavyoumia ndivyo unavyomaliza kopo haraka na kununua lingine. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo. Upele ni mwili unaokataa ulichoupa.

Siku mbili baadaye midomo ilivimba, nikakimbilia hospitali. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Wiki mbili hizi umeanza kutumia kitu gani kipya?" Akanieleza kwamba upele unaoletwa na dawa mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu uanze kuitumia, ndiyo maana wengi hulaumu sabuni au chakula na kuendelea kumeza. Akanionya pia: ukiona malengelenge, ngozi inachubuka, vidonda mdomoni au machoni, homa, uso umevimba au pumzi inabana, usisubiri kesho wala usimuulize muuzaji. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Niliacha vidonge siku hiyo, lakini upele ukaendelea kusambaa kwa siku tatu zaidi. Hilo hutokea hata baada ya kuacha, na daktari alikuwa ameshaniambia. Muuzaji alilidaka: "Umeona? Umeacha, imezidi. Rudia." Nisingekuwa nimeonywa, ningerudia kweli.

Nilipewa dawa ya mzio, krimu ya kupaka na losheni ya kalamini. Nikaacha maji ya moto na kila kitu chenye manukato. Wiki ya pili ngozi ilianza kupukutika, kila asubuhi nakung'uta shuka. Wiki ya nne muwasho ukakoma. Madoa meusi bado yapo mgongoni, nimeambiwa yatachukua miezi kufifia.

Nilipopata nguvu nikalichunguza lile kopo. Orodha ya viambato ilisema "mchanganyiko maalumu wa mimea" tu, bila majina wala vipimo. Nikakwaruza ukingo wa lebo kwa ukucha, ikabanduka: chini yake kulikuwa na lebo nyingine, yenye tarehe ya kuisha matumizi iliyokwishapita.

Na neno "asilia" lisikutulize. Vidonge vya kupunguza uzito vinavyouzwa kama vya mimea vimewahi kupimwa maabara vikakutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Haikuandikwa popote kwenye makopo yake.

Kama nawe yamekupata, usitupe kopo. Lipeleke kwa daktari pamoja na vidonge vilivyobaki, kisha toa taarifa kwa mamlaka ya dawa. Hifadhi na mazungumzo yote mapema. Nilipomwonyesha muuzaji picha ya zile lebo mbili, alifuta jumbe zake za sauti, akanibloku.

Sasa amerudi na ukurasa mpya, na bidhaa ina jina jingine. Ila picha ya "kabla na baada" hajaibadilisha: ni tumbo la mtu asiyeonekana uso, mkono wa kushoto una saa ya mkanda mwekundu. Ukiiona hiyo picha, ni yeye.