Uzoefu wangu: katalogi ya leso kwenye HP Indigo, na namna ya kuondoa vinukta

Kazi yenyewe ni katalogi ya leso, kurasa 24, saizi ya A5, artpepa (karatasi yenye mpako) ya gramu 150 isiyong'aa, iliyochapwa kwa HP Indigo, mashine ya ofseti ya dijitali, kwenye kiwanda kimoja hapa Mombasa. Naipa nyota nne. Ile ya tano imepotea kwenye prufu, yaani chapa ya majaribio, ya kwanza.

Prufu hiyo ilitoka kwa skrini, yaani mpangilio wa nukta za wino, ya mistari 175 ya nukta kwa inchi. Kwa mbali ilikuwa safi. Ukiisogeza karibu, mandhari ya krimu nyuma ya leso yalikuwa na chengachenga kama mchanga mwembamba, na kwenye shavu la modeli ulionekana weusi wa nukta mojamoja, hasa pale ngozi inapopokea mwanga. Mashine haina lawama hapo. Krimu ile ilijengwa kwa wino nne za uchapaji: siani (buluu ya kijani) asilimia 4, majenta (waridi iliyokolea) 8, manjano 20 na nyeusi 3. Nyeusi ya asilimia 3 ni nukta chache zilizotawanyika juu ya karatasi nyeupe, na jicho linaziokota zote. Tuliondoa nyeusi na siani, tukabaki na majenta 9 na manjano 22. Nukta za manjano karibu hazionekani kabisa, na majenta kiasi hicho ni hafifu. Krimu imekuwa na joto kidogo kuliko mwanzo, lakini imetulia, na mimi naridhika nayo. Kwenye ngozi, picha ziligeuzwa upya kuwa rangi nne kwa namna ambayo nyeusi inaanza kwenye vivuli tu.

Baada ya hapo ndipo tukahamia skrini ya 230. Nafasi kati ya nukta na nukta inashuka kutoka takriban milimita 0.15 hadi 0.11, na nyuso zikalainika kweli. Lakini usikubali fundi abadilishe skrini halafu achape papo hapo: kila skrini inahitaji kupimwa rangi upya kwa karatasi ileile, la sivyo rangi za kati zinahama. Pia nukta ndogo ni dhaifu. Blanketi, lile tandiko la mashine linalohamisha wino kwenda kwenye karatasi, likiwa limechakaa, hazihami zote kwenda kwenye karatasi, na sehemu nyepesi zinatoka na mabaka. Dai blanketi jipya kwa kazi yenye picha za watu. Kwa karatasi isiyo na mpako, 230 siipendekezi.

Lililonisumbua zaidi ni mawimbi, yaani michirizi isiyokuwepo kwenye kitambaa chenyewe, kwenye pindo la leso moja yenye vimiraba vidogo. Skrini za wino zimelala kwa pembe tofauti, kwa kawaida siani 15, nyeusi 45, majenta 75 na manjano 0, ili zisigongane. Pindo lenye mistari ya karibukaribu linakuwa kama skrini ya tano. Kwanza fungua picha kwa ukubwa wa asilimia 100, kwa sababu ukiipunguza, kompyuta yenyewe huzua mawimbi ya uongo. Yakiwepo hata kwa asilimia 100, yametoka kwenye kamera, basi piga tena ukiwa karibu zaidi. Yasipokuwepo, ni skrini: kwetu ilitosha kuikuza picha kwa asilimia 6 na kuizungusha kidogo. Picha iliyoskaniwa kutoka kwenye chapa ya zamani ina nukta zake tayari. Iskani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, zilainishe zile nukta, kisha ishushe hadi 300.

Unyevu wa pwani nao una mchango. Karatasi ikae chumba cha mashine ikiwa bado imefungwa, siku moja au mbili, maana iliyonyonya unyevu hupokea wino bila usawa.

Prufu idai itoke kwenye mashine ileile, karatasi ileile na skrini ileile. Ya inkijeti ina nukta za aina nyingine, na chengachenga hizi haitakuonyesha.